Kwa nini bado tunayapenda malori ya zamani, na yanatugharimu nini

Wiki mbili zilizopita kwenye kipindi cha asubuhi niliuliza swali dogo la kujaza dakika kumi: ukiwa umelala usiku, unaweza kulitambua lori linalopita barabarani kwa mlio wake tu? Nilitegemea meseji tano au sita. Simu ya studio haikutulia mpaka saa nne. Watu walirekodi sauti zao wakiigiza kwa midomo Scania 113 inavyopanda mlima, wengine Isuzu ya mbao ikitoka msituni, na mama mmoja wa Ilula akaigiza Bedford ya marehemu baba yake ikigoma kuwaka asubuhi ya baridi. Alimalizia kwa kikohozi, maana na Bedford yenyewe ilikuwa ikikohoa. Tulicheka studio nzima.

Katikati ya kicheko hicho zikaja meseji za aina nyingine. Msikilizaji mmoja aliuliza kwa nini redio inasifia vyuma chakavu ambavyo kila mara tunavisikia kwenye taarifa ya habari vikiwa vimekosa breki mlimani. Mwingine, mkulima wa nyanya, akamjibu kwamba bila vyuma hivyo nyanya zake zingeozea shambani. Wote wawili wana hoja. Muda wa kipindi ulituishia, kwa hiyo nimeamua kuliandika jambo hili kwa urefu ulisome kwenye simu yako kwa nafasi.

Mlio ule unatoka wapi

Nianze na mlio wenyewe, maana wengi waliuliza kwa nini malori mapya yako kimya kiasi kile.

Injini ya dizeli haina plagi ya kuchoma mafuta kama ya petroli. Inachofanya ni kuukandamiza upewa ndani ya silinda mpaka hewa hiyo inapata joto kali, zaidi ya nyuzi 500, kisha nozeli inapuliza dizeli humo ndani nayo inawaka yenyewe. Lakini haiwaki papo hapo. Kuna kitambo kidogo sana, mafuta yanaingia na bado hayajashika moto. Moto ukishika, yale yote yaliyokwisha kuingia yanalipuka kwa mkupuo mmoja. Huo mlipuko ndio ule mgongo wa sauti tunaoujua, ngo-ngo-ngo-ngo, unaousikia lori likiwa limesimama stendi bila kuzimwa.

Kwenye injini za zamani kazi ya kupima na kusukuma dizeli ilifanywa na pampu ya chuma tupu. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1927, na kwa miongo mingi utaratibu ulibaki karibu ule ule. Pampu hiyo inapuliza mafuta mara moja tu kwa kila pigo. Malori ya sasa yanaongozwa na kompyuta. Nozeli inapuliza kidogo kwanza, kama mtu anayechokonoa moto kabla ya kuweka kuni, halafu ndiyo inapuliza mzigo wenyewe. Moto unawaka taratibu na ule mgongo unapotea. Ukiongeza ekzosi yenye machujio, unapata lori la tani nyingi linalopita mbele ya nyumba yako na mbwa hata hainui kichwa.

Wapenzi wa Scania wataniuliza: mbona umesahau V8? Sijaisahau. Scania ilitoa injini yake ya kwanza ya V8 mwaka 1969, lita 14, nguvu farasi 350, na kwa wakati ule ilikuwa miongoni mwa injini za lori zenye nguvu zaidi Ulaya. Silinda nne zimelala upande mmoja, nne upande wa pili, na hazipokezani sawasawa kulia na kushoto. Upande mmoja hupiga mara mbili mfululizo kabla ya zamu kurudi. Ndiyo maana mlio wake ni mngurumo unaoyumba na hauna mdundo ulionyooka. Hapa kwetu zilizozoeleka zaidi ni zile za silinda sita, kama 112 na 113, ambazo utazijua kwa filimbi ya turbo dereva anapobadilisha gia.

Barabara hii imetokana na malori

Mapenzi haya hayakuanza na vijana wa mitandaoni. Sisi tunaoishi kandokando ya barabara kuu ya kwenda Zambia tumelelewa nayo.

Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilijitangazia uhuru wake yenyewe. Zambia ya Kenneth Kaunda ilikuwa ikipata mafuta kupitia huko, na njia ikafungwa. Njia ya kuelekea bandari rafiki ilikuwa moja: Dar es Salaam. Mapipa ya mafuta yakaanza kupandishwa kwa malori, kupita Morogoro, Iringa na Mbeya, kwenye barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa udongo. Mvua ilipokuja, matope. Kiangazi, vumbi la kutomwona aliye mbele yako. Waandishi wa Kiingereza waliiita njia ya jehanamu, na hawakuwa wametia chumvi, kwa kuwa malori mengi na madereva wengi walibaki kwenye makorongo.

Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya usafirishaji ya Zambia na Tanzania, na malori yake yaliyobaki vichwani mwa wazee wa huku ni Fiat. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, kilomita 1,710 mpaka Ndola. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilijengwa na Wachina kuanzia 1970 na ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Kabla ya bomba na kabla ya reli, nchi nzima ya jirani ilisimama kwa mgongo wa injini za dizeli zilizokuwa zikipiga kelele Kitonga usiku kucha.

Mjomba wangu alianza kama utingo kwenye barabara hiyo, miaka ya mwisho ya sabini, lami ikiwa imeshafika. Anasema kabini ilikuwa na injini katikati, kati ya dereva na utingo, imefunikwa tu. Walikuwa wakipashia chakula juu ya kile kifuniko. Kutoka Mbeya asubuhi na sufuria ya maharage, ukifika Makambako imeshapata moto. Baadaye akapewa usukani, akaendesha Scania za kila aina mpaka alipostaafu. Scania zenyewe nyingi ziliunganishwa hapa hapa nchini, kiwanda cha TAMCO pale Kibaha. Kwa hiyo mtu akikwambia lori lile ni la Sweden, mjomba hakubali. Anasema ni la Kibaha. (Kibaha hiyo hiyo leo kunaunganishwa malori ya chapa za Kichina, lakini hilo halimfariji.)

Wenzetu wanayahifadhi, sisi tunayapakia

Mapenzi ya lori kuukuu yako dunia nzima. Uingereza kila mwaka wapenzi wa magari ya kazi ya zamani hutoka London kwenda Brighton, wazee kwa vijana, lori limepakwa rangi mpya utadhani limetoka dukani. Sweden, kampuni ya Scania ina makumbusho yake mjini Södertälje. Marekani wapo wanaotunza injini za Detroit Diesel za mapigo mawili, ambazo kwa kelele zake madereva walizipa jina la utani la Screaming Jimmy, yaani Jimmy mpiga mayowe.

Tofauti yetu na wao ni hii. Kule lori la mwaka 1980 linatoka Jumapili, halina mzigo, mwenyewe ana gari jingine la kumpeleka kazini. Hapa lori la mwaka huo huo linatoka Jumatatu saa kumi alfajiri na magunia ya viazi, na ndilo pekee linaloingia kijijini. Ukisema unalipenda, ni kama kusema unampenda punda wako. Unampenda kwa sababu akifa umekwama.

Na sababu kubwa ya kupendwa kwake si mlio. Ni kwamba linatengenezeka. Lori la zamani likishawaka, halihitaji umeme kuendelea kuunguruma; mengine unalizima kwa kuvuta waya tu. Likigoma kuwaka, unalisukuma kwenye mteremko. Likipungua nguvu, fundi anafungua ringi, pistoni na slivu chini ya mwembe, anapeleka pampu na nozeli mjini kupimwa, na siku ya nne mko barabarani. Fundi huyo hakusoma popote, alisoma kwa fundi mwenzake, na anasikiliza. Anaweka bisibisi kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anakwambia silinda ya tatu ndiyo mgonjwa. Nimeona kwa macho yangu, na silinda ilikuwa ya tatu.

Lori jipya likiwasha taa ya njano, fundi yule hana la kufanya. Linataka kompyuta ya kulisoma, na kompyuta iko Dar es Salaam au Mbeya. Maji kidogo kwenye dizeli ya madumu yanaua nozeli zake, na bei ya nozeli moja inaweza kumfanya mwenye lori akae chini kwanza. Ndiyo maana wenye malori mapya hawapendi kuyapeleka Kilolo wakati wa masika. Wanabaki lami. Huko kwenye utelezi anakwenda mzee.

Kitonga haijali mapenzi

Sasa nije kwa yule msikilizaji aliyekasirika.

Breki za lori ni za upepo. Upepo unasukuma viatu vya breki vikandamize ngoma ya gurudumu, na msuguano ule unazaa joto. Kwenye mteremko mrefu, dereva akiikalia breki muda wote, ngoma zinapata joto kiasi kwamba kiatu kinateleza tu. Anakanyaga, lori haliitikii. Hapo hakuna cha lori jipya wala la zamani; joto ni lile lile.

Aliyelitafutia dawa jambo hili lilimpata mwenyewe. Clessie Cummins, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya injini za Cummins, mwaka 1931 alikuwa kwenye lori la dizeli likitoka New York kwenda Los Angeles, safari ya kuwaonyesha watu kwamba dizeli inaweza. Wakishuka mlima wa Cajon kule California, breki zikawaishia, na chini kulikuwa na treni ya mizigo inakatiza barabara. Waliponea chupuchupu. Hakusahau. Miaka mingi baadaye akabuni njia ya kuifanya injini yenyewe iwe breki, kwa kuachia hewa iliyokandamizwa kabla haijarudisha nguvu yake kwenye pistoni. Breki hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1961. Kelele yake ni kama bunduki ya rashasha, na miji mingi ya Marekani imeweka vibao vya kuikataza.

Kwa hiyo sehemu ya kelele tunayoisikia Kitonga usiku ni kelele njema. Ni dereva aliyeshuka na gia nzito, ameifungia ekzosi, injini inalia kwa sababu inalizuia lori. Mjomba alinifundisha hivyo nikiwa mdogo: ukiona lori linashuka na linapiga kelele, usiogope. Ogopa linaloshuka kimya. Maana wapo wanaoweka gia huru ili kubana mafuta, na hapo injini haishiki kitu, breki zinabeba mzigo wote peke yake.

Lakini hapo hapo ndipo mapenzi yetu yanapoharibika. Lori la miaka 40 linaweza kuwa na breki nzuri kama likitunzwa, kwa kuwa viatu, ngoma na mipira ya upepo vyote vinabadilishwa. Tatizo ni kwamba mwenye lori la bei ndogo mara nyingi ndiye asiye na hela ya viatu vipya. Anafunga mpira wa upepo kwa kamba ya baiskeli na kusema Mungu yupo. Uzee wa lori na umaskini wa mwenye lori vinatembea pamoja, na tukiangalia mwaka wa kutengenezwa peke yake tunaweza kukosa kumwona mkosaji.

Nitakupa mfano wa nyumbani. Dada yangu analima viazi. Msimu uliopita lori lililobeba magunia yake lilizuiwa na askari wa barabarani: matairi mawili ya nyuma yalikuwa yameisha na breki upande mmoja hazishiki. Lilikaa siku tatu. Viazi vilianza kutoa maji, mnunuzi akashusha bei, na dada akarudi na hela isiyotosha mbolea. Siku hiyo hiyo asubuhi nilikuwa nimesoma hewani meseji ya kuwapongeza askari kwa ukaguzi. Alinipigia jioni. Sikuwa na jibu zuri, na mpaka leo naona askari yule alikuwa sahihi na dada naye alionewa, ila si na askari. Alionewa na kukosa lori jingine la kuchagua.

Moshi na sikio

Kuna gharama nyingine ambayo haifiki kwenye taarifa ya habari kwa sababu haina siku moja ya kutokea.

Juni 2012, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Si vinavyodhaniwa, vinavyosababisha. Dizeli inayouzwa kwetu imekuwa safi zaidi tangu nchi za Afrika Mashariki zilipopunguza kiwango cha salfa mwaka 2015, lakini dizeli safi ikipita kwenye nozeli iliyochoka bado inatoka moshi mweusi. Na watoto wanaokwenda shule kwa miguu kando ya lami wanautembelea huo moshi kila siku, mbili kwenda na kurudi. Hapa, tofauti na breki, umri wa injini una neno lake. Huwezi kuifanya pampu ya mwaka 1985 itoe moshi kama wa lori la sasa, hata ukiipenda vipi.

Mjomba niliyemtaja hasikii sikio la kushoto. Ndilo lililokuwa upande wa injini. Kwa kawaida wataalamu wa usalama kazini wanasema mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku. Yeye alikaa juu ya injini karibu miaka 30, mara nyingi saa kumi na nne. Ukimuuliza, anasema halijamkera sana. Kinachomkera ni kwamba lori likipita usiku siku hizi inabidi ageuke alale kwa ubavu wa kushoto ili kulisikia.

Sheria zinaelekea wapi

Majirani wameshachagua njia zao. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 kuzuia magari yenye miaka 15 au zaidi kuingia nchini, pamoja na misamaha kwa baadhi ya mitambo. Tanzania imetumia zaidi kodi, kwamba kadiri gari lilivyozeeka ndivyo linavyolipiwa ushuru zaidi, pamoja na ukaguzi wa ubora. Mizani nayo inabana: sheria ya Afrika Mashariki ya uzito wa magari imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima, na pale Wenda hawasikilizi historia ya lori lako.

Ulaya nayo ina mkono wake humu. London ilianza kutoza malori machafu mwaka 2008, na tangu 2014 malori mapya yote yanayouzwa Umoja wa Ulaya lazima yafikie kiwango cha Euro 6. Lori linalokataliwa mjini kule halichinjwi. Linapandishwa meli. Lile linaloitwa jipya gereji kwetu limeshafukuzwa mahali.

Na reli inarudi. Treni ya umeme ya kisasa imeanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na kuna mpango wa kuifufua TAZARA na kampuni ya China. Mizigo mirefu ya kwenda Zambia na Kongo ikihamia relini, malori mazuri yatatafuta kazi za karibu, na huenda hapo ndipo mzee wa kijijini atapata mpinzani. Maoni yangu ni kwamba kuyafungia malori kwa umri peke yake kabla ya siku hiyo kutamuumiza mkulima kwanza na tajiri wa malori mwisho. Kuyakagua breki na moshi mara kwa mara, hata kwenye minada na mageti ya msitu siyo barabara kuu tu, ni kazi ngumu zaidi, na ndiyo ningeianza.

Kwa sasa, kama unapakia mzigo kwenye lori la zamani wiki hii, mwulize dereva mambo matatu kabla hajafunga turubai: viatu vya breki vilibadilishwa lini, upepo unashuka kiasi gani akizima injini kwa dakika tano, na mlimani anashuka na gia ya ngapi. Akikuambia anashuka na gia huru, shusha magunia yako.

Zile sauti mlizotuma tutazirudia Jumamosi saa mbili asubuhi, pamoja na Bedford inayokohoa. Mwenye sauti halisi ya Fiat za zamani iliyorekodiwa, hata kwenye kaseti, atutafute studio. Mjomba amesema atakuja kuisikiliza, na kwamba nimkalishe upande wa kulia.